Naftali Temu: Mizunguko 25 ya Mwana wa Nyanza

Historia ya riadha nchini Kenya haiwezi kuandikwa ikakamilika pasi na kulitaja jina la Naftali Temu. Huyu ndiye Mkenya wa kwanza kuvishwa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico. Hata hivyo, jina lake halivumi kama la Kipchoge Keino, mwenzake wa kikosi kimoja, na wengi hulikuta tu katika orodha za washindi. Orodha hizo husema kwamba alishinda mbio za mita 10,000. Hazisemi kwamba miaka minne kabla ya siku hiyo, katika mbio zizo hizo na mashindano yayo hayo, aliachia njiani asifike mwisho. Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 19, na angeweza kurudi nyumbani akatafuta shughuli nyingine. Hakufanya hivyo.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 upande wa Sotik, pale ardhi ya Abagusii inapopakana na ya Wakipsigis. Mkoa wa Nyanza wa siku hizo ulikuwa mpana kuliko ulivyokuja kuwa baada ya mipaka kubadilishwa mwaka 1963. Ulianzia ufuoni mwa Ziwa Viktoria, ukapanda hadi vilima vya Gusii na mashamba ya chai ya Kericho, na makao yake makuu yalikuwa Kisumu, mji uliokua pale reli kutoka Mombasa ilipolifikia ziwa mwaka 1901. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Sotik na mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha wavuvi huko Winam walitawaliwa kutoka ofisi moja, ijapokuwa hewa waliyoivuta haikuwa moja.

Jambo hilo la hewa si dogo katika maisha ya mkimbiaji. Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii huvuka kwanza uwanda wa Kano, mahali tambarare penye joto na mashamba ya mpunga, akapita Ahero, kisha Sondu na Oyugis, huku barabara ikipanda kidogo kidogo na upepo ukizidi kuwa wa baridi. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, ilhali sehemu nyingi za vilima vya Gusii hupita mita 1,700, na nyingine hupita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na oksijeni inavyopungua katika kila pumzi. Aliyekulia huko juu mwili wake huzoea kufanya kazi kwa kidogo. Wataalamu waliandika mengi kuhusu suala hili baada ya Mexico, na baadhi yao wakavuka mpaka, wakawa kana kwamba wanasema kilima ndicho kilichoshinda mbio na wala si mtu. Vilima vya Gusii vilikuwa na vijana maelfu waliovuta hewa iyo hiyo. Aliyesimama jukwaani alikuwa mmoja.

Wala Temu hakuwa wa kwanza kutoka kwao kutajwa duniani. Nyandika Maiyoro, Mgusii mwenzake, alikuwa amekwisha kukimbia Vancouver mwaka 1954, ambako alikuwa wa nne katika maili tatu. Akaenda Melbourne mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, akawa wa saba katika mita 5,000. Na Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Arere Anentia naye alileta medali ya shaba ya maili sita kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Cardiff mwaka 1958. Basi kijana aliyekuwa akikua katika eneo hilo kwenye miaka ya 1950 hakuhitaji kuota ndoto ya watu wa mbali. Aliwajua kwa majina watu wanaozungumza lugha yake ambao walikuwa wamepanda ndege kwa sababu ya miguu yao. Medali ya dhahabu, hata hivyo, haikuwa imekuja bado.

Njia ya kufikia mashindano makubwa ilipitia ngazi: michezo ya wilaya, ya mkoa, kisha ya taifa. Lakini ngazi iliyowasaidia wengi zaidi ilikuwa ajira katika vikosi vya serikali. Polisi, magereza na jeshi viliwapa vijana mshahara, chakula, viatu na, muhimu kuliko vyote, ratiba. Keino alikuwa polisi. Temu alikuwa askari wa Jeshi la Kenya. Mtu anayefanya mazoezi peke yake kijijini hulala siku ya mvua, huacha siku ya mavuno, na hujisamehe siku ambayo miguu inauma. Kambini hakuna msamaha wa namna hiyo. Pengine ndiyo maana, wakati ambapo Kenya haikuwa na klabu nyingi za riadha wala wafadhili, kambi za vikosi ndizo zilizokuwa chuo kikuu cha wakimbiaji.

Mwaka 1964 Temu alichaguliwa kwenda Tokyo. Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi kumi tu iliyotangulia, na hii ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza kama nchi huru. Tarehe 14 Oktoba aliingia katika mbio za mita 10,000, zile ambazo Mmarekani Billy Mills aliwashangaza watu wote kwa kuwapita Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Ron Clarke wa Australia katika mita za mwisho. Temu hakuwapo mwisho huo. Alikuwa ametoka uwanjani mbio zikiendelea. Wiki moja baadaye alijaribu marathoni, siku ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alitetea taji lake kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, bora kuliko wote uliokuwa umewahi kuandikwa. Temu alifika akiwa wa 49, zaidi ya nusu saa nyuma yake. Sifa za Kenya mwaka huo zilikwenda kwa Wilson Kiprugut, aliyepata shaba ya mita 800, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi yake.

Kiswahili husema pumzi imekatika, na husema vilevile tamaa imekatika. Mkimbiaji wa masafa marefu anajua kwamba mikato hiyo miwili hukaa jirani, na kwamba ule wa pili hupenda kufuata nyuma ya ule wa kwanza. Mbio za mita 10,000 zina mizunguko 25 ya uwanja. Katika mizunguko mitano ya kwanza kila mtu ni hodari. Mitano ya mwisho husukumwa na watazamaji na kengele. Mashaka hukaa katikati, kati ya mzunguko wa 12 na wa 20, ambapo mwanzo umekwisha kusahaulika na mwisho hauonekani. Hapo ndipo wengi hutoka, na mara nyingi miguu huwa bado ina nguvu.

Dawa ya katikati hiyo ilikuwa imeanza kutafutwa Ulaya tangu miaka ya 1930. Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, aliacha desturi ya kumwambia mkimbiaji akimbie tu masafa marefu kila siku. Badala yake aliyakata masafa vipande: mita 200 au 400 kwa kasi, kisha mapumziko mafupi yaliyopimwa mpaka mapigo ya moyo yateremke kiasi, halafu kipande kingine, na kingine tena. Mwanafunzi wake Rudolf Harbig alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Baada ya vita, Emil Zátopek wa Chekoslovakia aliichukua mbinu hiyo akaizidishia chumvi, akirudia mita 400 makumi ya mara kwa siku moja, hata katika theluji akiwa na viatu vya kijeshi. Huko Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitenda katika Olimpiki moja.

Haya yanaweza kuitwa mazoezi ya vipindi, na uzuri wake si kwa mapafu tu. Mkimbiaji anayefikiria mita 10,000 kwa jumla huzidiwa na fikra kabla ya miguu kuchoka. Anayefikiria mita 400 moja anaweza kuimaliza, kwa kuwa mita 400 si nyingi. Akipumzika dakika moja, anaweza kuimaliza nyingine. Ari, kwa maana hii, si moto unaowashwa mara moja ukadumu. Ni kuni zinazotiwa kidogo kidogo. Ubaya wa mazoezi haya ni kwamba yanachosha akili kwa kufanana kwake. Hakuna mandhari ya kutazama, hakuna njia ya shambani wala watoto wa kupiga vigelegele, ila uwanja uleule na saa ileile mkononi mwa kocha. Mbinu hii ilifika Kenya kwa njia ya walimu wa michezo na makocha, Mwingereza John Velzian akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, ikakutana na vijana waliokuwa na kitu ambacho Gerschler hakuwa nacho Freiburg: hewa nyepesi ya kufanyia mazoezi mwaka mzima.

Matunda yalianza kuonekana upesi. Julai 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika yaliyofanyika Brazzaville, Temu alikuwa wa pili nyuma ya Keino katika mita 5,000. Agosti 1966 alikwenda Kingston, Jamaika, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika maili sita alikuwapo Ron Clarke, mtu aliyekuwa ameshika rekodi nyingi za dunia za masafa marefu kuliko mwingine yeyote wakati ule, ikiwemo ile ya mita 10,000 ya dakika 27 na sekunde 39.4 aliyoiweka Oslo mwaka 1965. Ilitarajiwa kwamba Clarke angekimbia peke yake mbele kama alivyozoea. Joto la Kingston, ambalo ni la unyevu kama la Kisumu kabla ya mvua, lilikuwa kali. Temu alimfuata, akakataa kuachwa, na hatimaye yeye ndiye aliyeacha. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6, wastani wa takriban sekunde 68 kwa kila mzunguko wa yadi 440, na mizunguko yenyewe ilikuwa 24. Clarke alikuwa nyuma kwa mbali. Dhahabu ambayo Anentia aliikosa Cardiff ilikuwa imekuja miaka minane baadaye kwa mtu wa kwao.

Inafaa kumtendea haki Clarke. Zátopek, mzee wa mazoezi ya vipindi, alimpenda kiasi cha kumkabidhi mojawapo ya medali zake za dhahabu alipomtembelea Prague katika miaka hiyo ya 1960, kwa kuona kwamba mtu yule alistahili nayo. Clarke hakupata kamwe dhahabu ya Olimpiki kwa miguu yake mwenyewe. Kila mshindi mkubwa ana aliyempita, na aliyepitwa na Temu hakuwa mtu wa kubezwa.

Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban robo pungufu ya oksijeni ikilinganishwa na ya pwani. Mbio za mita 10,000 zilikuwa fainali ya siku ya kwanza ya riadha. Wote waliogopa, na kwa hiyo mwanzo ulikuwa wa polepole, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Kasi ilipopanda baada ya nusu, kundi lilianza kukatika. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya nyongo, alishindwa na maumivu mizunguko michache kabla ya mwisho akatoka njiani. Mbele wakabaki watu wa Afrika: Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia, na Gammoudi wa Tunisia. Clarke alikuwa amesalia nyuma akipambana na hewa isiyomtosha.

Katika mzunguko wa mwisho Wolde alifyatuka. Hapo ndipo mazoezi yote ya vipande yalipodaiwa malipo yake, kwa maana kubadili kasi baada ya mizunguko 24 si jambo la ushujaa wa ghafla. Mwili ama umezoezwa kulifanya ama haukuzoezwa. Temu hakubabaika. Alimfukuza Wolde mpaka katika sehemu iliyonyooka ya mwisho, akamfikia, akampita karibu kabisa na mstari. Saa ilionyesha dakika 29 na sekunde 27.4 kwake, na dakika 29 na sekunde 28.0 kwa Wolde. Sita za kumi za sekunde, baada ya karibu nusu saa ya kukimbia. Gammoudi alikuwa wa tatu. Clarke alifika wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu, ikabidi atiwe oksijeni.

Kwa kawaida wasimuliaji huishia hapo, lakini wiki ile haikuishia hapo. Siku mbili baadaye Temu alikimbia mchujo wa mita 5,000. Katika fainali yake, Gammoudi alishinda kwa dakika 14 na sekunde 5.0, Keino akawa wa pili kwa 14:05.2, na Temu akapata shaba kwa 14:06.4. Tarehe 20 Oktoba, mtu huyo huyo alisimama tena kwenye mstari, safari hii wa marathoni, akamaliza wa 19 huku Wolde akijipatia dhahabu aliyoikosa wiki iliyotangulia. Ukijumlisha, Temu alikimbia zaidi ya kilomita 62 za mashindano katika siku nane, katika hewa ile. Baadhi ya makocha wa leo wangeliona jambo hilo kuwa ni kumtumia mtu vibaya, na huenda wangekuwa na haki. Kenya kwa jumla ilirudi na medali tisa, tatu zikiwa za dhahabu: ya Temu, ya Keino katika mita 1,500, na ya Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji. Katika kikosi cha kupokezana vijiti cha mita 400 kilicholeta fedha, wawili kati ya wanne, Charles Asati na Munyoro Nyamau, walikuwa Wagusii. Mkoa uliotawaliwa kutoka Kisumu ulikuwa umechangia sehemu kubwa ya furaha hiyo.

Baada ya hapo nguvu za Temu zilishuka. Huko Edinburgh mwaka 1970 hakupata kitu, na huko Munich mwaka 1972 alitolewa katika mchujo wa mita 10,000. Mwaka 1973 aliacha mashindano, akiwa na miaka 28, umri ambao wakimbiaji wengi wa siku hizi ndipo wanapofikia kilele. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni fedha. Kanuni za riadha za wakati wa Temu zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Ni kuanzia mwaka 1982 tu shirikisho la kimataifa lilipoanza kulegeza sheria hiyo. Mshindi wa Olimpiki wa 1968 hakuwa na zawadi ya gari, mkataba wa viatu, wala mwaliko wa mbio za barabarani zenye dola. Alikuwa na medali, mshahara wa askari, na heshima. Kwa hiyo swali la kilichomfanya aamke alfajiri baada ya aibu ya Tokyo haliwezi kujibiwa kwa kutaja pesa, kama lijibiwavyo kwa urahisi kuhusu wengine.

Serikali ilimtunuku shamba la ekari 23 huko Borabu, Mugirango Kaskazini, katika ardhi iliyokuwa zamani ya walowezi na ambayo baada ya uhuru iligawiwa Wagusii kama makazi. Huko aliishi maisha ya mkulima. Mashujaa wapya waliibuka kila baada ya miaka michache, na kila mmoja alimsukuma wa zamani hatua moja nyuma katika kumbukumbu za watu. Nchi iliyokuwa na dhahabu moja ilikuja kuwa na makumi. Viwanja, mitaa na mashindano yalipewa majina ya wengine. Kwamba mtu wa kwanza aliyefungua mlango huo aliweza kupita sokoni bila kutambuliwa ni jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote mwenye kupenda haki, ingawa halikuwa la Temu peke yake. Maiyoro na Anentia waliyajua hayo kabla yake.

Naftali Temu alifariki tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Mikoa ilikwisha kuondolewa mwaka 2013, Nyamira ikawa kaunti yake na Kisumu kaunti yake. Mabingwa wakubwa wa Kenya walijaribu mita 10,000 za Olimpiki baada yake: Richard Chelimo alipata fedha huko Barcelona mwaka 1992, na Paul Tergat akapata fedha mara mbili, Atlanta mwaka 1996 na Sydney mwaka 2000, mara ya pili akishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa kiasi kidogo kuliko kile alichomshinda nacho Temu mwananchi wake Wolde. Mwaka 2024 mjini Paris, Beatrice Chebet alikuwa Mkenya wa pili kushinda dhahabu ya masafa hayo, kwa upande wa wanawake. Kwa upande wa wanaume, tangu ile Jumapili ya Oktoba 1968, hajapatikana Mkenya mwingine.